Gofu na Hame: Kuhusu Matembezi ya Mji wa Gede

Kiswahili kina maneno mawili ya mahali palipoachwa na wakazi wake. La kwanza ni gofu, yaani jengo lililobaki kuta bila paa. La pili ni hame, yaani mahali walipohama watu, hata kama hapakubaki ukuta wala nguzo. Gofu huonekana na kila mpita njia. Hame huonekana na yule tu aliyeambiwa, au aliyezaliwa jirani. Nimeanza na maneno haya kwa sababu nia yangu ni kuyapima matembezi ya kuongozwa ndani ya mji wa kale wa Gede, na kasoro ninayoiona katika matembezi hayo imo yote ndani ya tofauti ya maneno haya mawili.

Huenda ndugu msomaji akauliza: tangu lini matembezi yakahakikiwa? Sisi tuliofundisha fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini matembezi ya kuongozwa nayo ni utungo. Yana mwanzo na mwisho, yana wahusika wakuu na wahusika wadogo, yana mambo yanayotajwa na mambo yanayorukwa, na yana msimulizi. Tena hadhira yake ni kubwa kuliko ya riwaya zetu nyingi, maana watoto wa shule hupelekwa huko kwa mabasi, na lile wanaloambiwa wakiwa wamesimama mbele ya ukuta hulishika kuliko wanalosomewa darasani. Mwalimu asiyelipima jambo kama hilo atapima nini?

Kwa wasomaji wangu wa Shinyanga na Geita ambao hawajafika huko, nieleze kidogo. Gede, ambayo vitabu vingi huiandika Gedi, iko Pwani ya Kenya, kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, ndani ya msitu, mbali kidogo na bahari. Ulikuwa mji wa Waswahili. Ukuta wa nje, uliokuwa na kimo cha futi 9 hivi, ulizunguka eneo la ekari zipatazo 45, na ndani yake ukawapo ukuta wa pili uliokumbatia majumba makubwa. Kaburi moja lina mwaka uliochongwa, 802 wa Hijria, yaani 1399. Mji ulistawi hasa katika karne ya 15, na mapema katika karne ya 17 watu walikuwa wamekwisha kuuacha. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, aliufikia mwaka 1884. Mwaka 1927 ukatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu. Mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuuchimba. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jambo la kushangaza ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka 100, mwendo wa nusu siku tu kwa miguu, na katika maandishi yao mji huu hautajwi.

Nilikwenda huko baada ya habari hiyo ya UNESCO, nikiwa na wastaafu wenzangu wawili. Safari ya basi kutoka kwetu kupitia Singida, Arusha, Holili na Voi haina la kusimuliwa isipokuwa maumivu ya magoti.

Niseme kwanza mazuri, maana ni mengi. Matembezi ya Gede huchukua saa moja au zaidi kidogo, na mtembezi hupita kwenye kivuli wakati wote. Miti mikubwa imeota ndani ya vyumba, mizizi yake imeshika mawe kama mkono ulioshika kikombe, na kima wanarukaruka juu ya kuta wakiwategea wageni wenye ndizi. Kaburi lenye mwaka linampa mwanafunzi kitu ambacho kitabu hakiwezi kumpa, yaani tarehe anayoweza kuiona kwa macho. Kisha huja msikiti mkuu wenye ncha ya mkuki iliyochongwa juu ya mlango, halafu jumba la mtawala lenye nyua na vyumba vingi, na makaburi yenye nguzo ambayo ni ya Pwani yetu hasa. Vyoo na mahali pa kunawia vipo ndani ya nyumba, vimejengwa kwa ustadi ambao shule nyingi nilizokagua maishani mwangu hazikuupata. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimeungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Mtoto akiziona hatasema tena kwamba Mwafrika hakujenga.

Lililo zuri kuliko yote ni majina ya nyumba. Mchimbaji hakujua majina ya wenyewe, basi akaziita kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Ningekuwa bado nafundisha, ningeyatumia majina haya kwa kipindi kizima. Mwambie mwanafunzi: nyumba yenu ikiporomoka leo, ikachimbwa baada ya miaka 400, itaitwaje? Atacheka, kisha ataanza kuwaza. Nyumba ya Kibatari. Nyumba ya Betri za Redio. Nyumba ya Kauri ilinigusa zaidi mimi niliyekulia Usukumani, ambako kauri zilifika kwa misafara, zikashonwa kwenye mavazi na vifaa vya waganga wetu. Hapo mji wa Pwani na kijiji cha bara vinashikana kwa kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja.

Sasa nije kwenye kasoro. Njia ya matembezi imefuata mawe. Inatoka kwenye jiwe hadi kwenye jiwe, na pale mawe yanapokoma nayo inapinda kurudi. Baada ya jumba la nne au la tano nilihesabu kichwani, nikaona hesabu haikubali. Mji huu hukadiriwa kuwa ulikuwa na watu zaidi ya 2,500. Majumba ya mawe tuliyopitishwa hayawezi kulaza idadi hiyo hata wakilala kama dagaa. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akituongoza, "Mwanangu, hawa wengine walikaa wapi?" Akanyosha mkono kuelekea vichakani, kati ya kuta mbili. "Kule, mzee. Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti. Hakuna cha kuona."

Jibu lake lilikuwa sahihi kwa nusu ya kwanza. Wataalamu wanakubaliana kwamba sehemu kubwa zilizo wazi ndani ya mji zilikuwa na nyumba za miti, udongo na makuti, na ndizo zilizokuwa nyingi. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Hakuna cha kuona! Wavuvi, wafuma nguo, wahunzi, wakulima wa mtama waliolisha jumba la mtawala, vijakazi waliochota maji ya kisima, mafundi wenyewe waliochoma chokaa na kupandisha mawe: hao wote wako upande ambao hakuna cha kuona. Simlaumu kijana. Alikuwa anasema kile ambacho njia yenyewe inasema. Mtunzi wa njia ndiye aliyeamua, labda bila kukusudia, kwamba historia ni kile kilichobaki kimesimama.

Uamuzi huu una ukoo wake. Kitabu cha kwanza kikubwa cha Kirkman juu ya Gede, kilichotoka mwaka 1954, kiliuita katika jina lake mji wa Waarabu. Kwa wakati ule jambo hilo lilionekana la kawaida: palipo na jiwe na msikiti, basi mjenzi ametoka ng'ambo, na palipo na udongo ndipo pa mwenyeji. Ndiyo hoja ile ile iliyotumika kule Zimbabwe Kuu, ambako kuta za mawe ziliwahi kupewa Wafoinike na malkia wa Sheba, ingawa Gertrude Caton-Thompson alikwisha kuchimba mwaka 1929 na kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Sisi wa ukanda wa dhahabu hatuna budi kuitazama hoja hii kwa makini. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapita mikononi mwa Kilwa, na Kilwa ikajenga msikiti wake mkubwa na jumba la Husuni Kubwa. Majengo yamebaki, na wageni hulipa kuyaona. Aliyeingia shimoni na kupepeta mchanga hana hata kibao.

Wasomi waliofuata wameirekebisha hoja ya Kirkman. James de Vere Allen katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya asili ya Waswahili, na Chapurukha Kusimba katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili, wamewarudisha wenyeji mahali pao. Leo huko Gede husikii tena kwamba mji ulijengwa na wageni, na hilo ni jema sana. Lakini marekebisho yameishia kwenye neno tu. "Mwarabu" amebadilishwa kuwa "Mswahili", na njia imebaki ile ile, ya mawe kwa mawe. Tumembadilisha mwenye jumba. Aliye nje ya jumba bado tunampita.

Kasoro ya pili ni hiki kinachoitwa fumbo la Gede. Kila matembezi hutaka kilele, na kilele cha matembezi haya ni swali: watu walikwenda wapi? Sauti ya msimulizi hushuka, msitu unanyamaza, wageni wanatazamana. Kisha hutajwa mizimu inayolinda magofu. Sina ugomvi na mizimu, na wenyeji wa pale wana imani zao zinazostahili heshima. Ugomvi wangu ni na fumbo linalouzwa kama bidhaa, ilhali majibu yapo. Mwaka 1589 hivi Wazimba walipita Pwani wakiwa wamekwisha kuteketeza Kilwa na kuingia Mombasa. Mwaka 1593 Wareno na mtawala wa Malindi walihamia Mombasa, na nguvu ya nchi ile yote ikahama nao. Kutoka kaskazini Waoromo walikuwa wanasukuma. Na kuna kisima. Kisima kirefu kando ya msikiti mkuu kilichimbwa tena kuongezwa kina, kwa kuwa maji yalikuwa yanazidi kushuka chini.

Mimi ninakiamini kisima kuliko vita. Vita hufukuza watu, lakini maji yakiwapo hurudi; na kweli Gede walirudi wengine wakakaa kidogo kabla ya kuuacha kabisa. Mtu wa Shinyanga hahitaji kueleweshwa jambo hili. Amewaona akina mama wakiamka saa kumi za usiku kwenda kwenye kisima cha mchangani, wakikichimba kila wiki kiasi cha mkono mmoja zaidi, hadi mwezi wa kumi wanapokaa ndani ya shimo kichwa hakionekani. Kijana wetu alituonyesha kisima kwa nusu dakika, akaenda mbele kwenye fumbo. Ningekuwa mimi ningewakalisha wageni hapo kwa robo saa.

Tena watu wa rika langu wa Shinyanga na Mwanza tumeona kwa macho jinsi makazi yanavyokuwa matupu. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wakati wa Operesheni Vijiji. Wasukuma walizoea kukaa kila mtu kwenye mji wake, umezungushiwa minyaa, na shamba kulizunguka. Katika miezi michache watu wakawa wamehamia vijijini. Walibeba nini? Walibeba nguzo, milango, mapaa ya bati kwa wachache waliokuwa nayo, vihenge, mitungi, na kuku ndani ya matenga. Waliacha mawe ya kusagia yaliyo mazito, vigae vya vyungu, majivu, makaburi, na vitu vidogo vilivyopotelea sakafuni, kama shanga na sindano. Nenda sasa ukasome orodha ya vilivyookotwa Gede: vigae, shanga, kauri, mkasi, taa. Ni orodha ya watu waliohama, wakachukua kinachochukulika. Hakuna fumbo. Anayeliona fumbo ni yule ambaye hajapata kuhama.

Nilimweleza hayo yule kijana tulipokuwa tumekaa kupumzika chini ya mbuyu, matembezi yakiwa yamekwisha. Hapo ndipo nilipopata sehemu bora ya siku ile, nayo haikuwamo katika matembezi. Akasema, "Baba, hayo unayosema ni kama kaya." Yeye ni Mgiriama. Akatueleza kwamba babu zake waliishi ndani ya kaya, mji uliojificha katikati ya msitu, njia zake nyembamba zikipita kwenye malango, na kitu kinachoitwa fingo kimefukiwa chini kuulinda. Hakuna jiwe lililojengwa. Msitu wenyewe ndio ukuta, na kwa kuwa ni ukuta ni mwiko kuukata. Watu wamekwisha kuhama humo siku nyingi, lakini wazee wanajua lango lilikuwa wapi, baraza la wazee lilikuwa wapi, na makaburi yako wapi. Alisimulia bila kushusha sauti na bila kungoja tushangae. Misitu hiyo ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, miaka 16 kabla ya Gede. Yaani huko huko mkoani kwao pana hame lililopewa heshima kabla ya gofu, na msimulizi wa gofu ni mtoto wa hame, na bado wakati wa kazi anaelekeza mkono vichakani na kusema hakuna cha kuona!

Hapa ndipo jambo la Gede linapokuwa jambo letu.

Bara ya magharibi haikukosa miji yenye kuta. Ikulu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora, ilikuwa na kuta nene za udongo, na Wajerumani walishindwa kuiingia kwanza, hadi Januari 1893 ilipovunjwa, na Isike akawasha baruti ajilipue kuliko kutekwa. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na mji wake wa Iselamagazi kule Urambo, ambao wageni wa wakati ule waliustaajabia kwa ukubwa. Huku Usukumani ikulu za watemi zilizungushiwa boma la miti na minyaa iliyopandwa safu juu ya safu, na lango lake lilikuwa na taratibu za nani apite na nani asimame. Utemi ulipofutwa mwaka 1963 ikulu nyingi zilianza kuachwa. Udongo ulirudi kuwa udongo. Ukiuliza leo ofisini kama wilaya ina mahali pa historia pa kupeleka wanafunzi, utaelekezwa makumbusho ya Bujora kule Kisesa, ambayo ni mazuri na nimeyafikia mara nyingi, au utaambiwa kwa sauti ile ile: hakuna cha kuona.

Mji wenye uzio ambao mtoto wa Shinyanga anaufahamu ni Mwadui. Almasi iligunduliwa pale na John Williamson mwaka 1940, na kukajengwa mji kamili ndani ya uzio, wenye shule, hospitali, maduka na uwanja wa ndege. Nje ya uzio kukakua Maganzo. Kule Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, nao una uzio wake, na nje ya uzio wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na kwingineko na maduara yao. Hebu ndugu msomaji apige picha ya matembezi ya Mwadui baada ya miaka 400. Nina hakika njia itafuata saruji na chuma. Kutakuwa na Nyumba ya Mzani na Nyumba ya Chupa za Soda. Na mtu akiuliza habari za waliokaa Maganzo, waliouza maandazi langoni na kupangisha vyumba vya udongo, kijana wa wakati huo atanyosha mkono vichakani.

Ninasema haya kwa kuwa najua kuna cha kuona. Mwaka 1991 niliwapa wanachuo wetu kazi ya likizo. Kila mmoja atafute hame moja karibu na kwao, alichore ramani kwa kupima kwa hatua, na amtafute mzee mmoja wa kumweleza. Wengi walinung'unika. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kwao hakuna magofu, kwa hiyo asamehewe. Nikamwambia sikusema magofu. Waliporudi tulizitandaza ramani kwenye sakafu ya ukumbi wa chakula, zikafika 60 na zaidi. Zilionyesha duara za minyaa zenye mwanya upande mmoja, na mwanya ndio lango. Zilionyesha udongo mweusi wenye rutuba mahali palipolala ng'ombe, ambapo mahindi huwa marefu kuliko penginepo. Zilionyesha majalala ya majivu, mawe ya kusagia yaliyopinduliwa, miti ya matambiko iliyoachwa bila kukatwa katikati ya shamba la pamba. Mwanachuo mmoja wa kike alileta ramani ya ikulu ndogo ya zamani. Bibi mmoja, kipofu, alimshika mkono akamtembeza, akimwambia, "Hapa simama. Sasa uko nyumba ya mke mkubwa. Teremka. Hapa ngoma zilikaa." Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa matembezi bora kuliko ya Gede, na aliyeyaongoza hakuwa akiona kitu.

Wala maarifa ya namna hii si ya kupamba ukuta. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, nchi yetu ikiwa imekaribia kuwa jangwa, moja ya mambo yaliyoiokoa ni ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa akiba ya kiangazi. Ngitili ziliwezekana kufufuliwa kwa sababu wazee walikumbuka kawaida yake na mahali pake. Mpaka usio na jiwe ulikuwa bado umo vichwani, na kutoka vichwani ukarudi ardhini, miti ikaota.

Sasa vichwa hivyo vinakwisha. Wazee walioonyesha mahame mwaka 1991 karibu wote tumewazika. Minyaa inang'olewa na plau, au inakatwa kupisha matofali ya kuchoma. Upande wa Geita na Kahama uharibifu ni wa haraka zaidi, kwa kuwa tetesi ya dhahabu ikitoka asubuhi, jioni pana maturubai, kesho yake pana maduara, na juma lifuatalo karasha linanguruma juu ya mahali alipozikwa mtemi. Mchimbaji simlaumu, ana watoto. Lakini hata yeye angesita kidogo kama shule ya pale ingekuwa imewahi kuwapitisha wanafunzi mahali hapo mara moja kila mwaka na kupaita kwa jina lake. Jiwe hujilinda kwa kuwa ni jiwe. Hame halina ulinzi mwingine zaidi ya watu wanaolijua na kulipitia.

Kwa Gede ningeshauri jambo dogo lisilo na gharama. Matembezi yaanzie nje ya ukuta wa nje. Mgeni asimame kwanza kwenye uwazi, aambiwe kwamba hapa ndipo walipokaa walio wengi, aonyeshwe kigae kimoja kilicholala kwenye majani, ndipo aingie langoni. Akae kisimani. Majumba ya mawe yaje baadaye, na kijana Mgiriama aruhusiwe kusema habari za kaya kwa saa za kazi, si chini ya mbuyu wakati wageni wamekwisha kulipa na kuondoka. Ncha ya mkuki juu ya mlango wa msikiti itasomeka vizuri zaidi mbele ya mtu aliyekwisha kusikia hayo.

Kwa walimu wa huku kwetu watakaotaka kujaribu, wasisubiri fungu la fedha wala kibao. Wachague hame lililo umbali wa kutembea, waombe ruhusa kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wamtangulize mzee mmoja, mwanamke akipatikana ni bora, maana wanaume watasimulia vita na wanawake watasimulia nyumba. Waanze kwenye jalala, maana ndipo penye vigae na mifupa, ndipo mtoto anapopata cha kushika. Wasichukue kitu, kila kilichoinuliwa kirudishwe pale pale kilipokuwa. Waende asubuhi baada ya mavuno, kabla ya nyasi kuchomwa, na wabebe maji ya kunywa ya kutosha kwa sababu kivuli ni haba. Na watoto waonywe mapema wasivunje minyaa kwa mchezo. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza, na zahanati mara nyingi iko mbali.